Kupanda Ukweni

Mimi ni mtu wa ndani. Nasema mapema ili msomaji asije akanidhania mtalii. Nimezaliwa Kariakoo, nimesoma Kariakoo mpaka kidato cha nne, na duka langu la zipu, vifungo na bitana liko mitaa miwili kutoka chumba nilichozaliwa. Kwa miaka mingi matembezi yangu marefu yalikuwa kutoka dukani hadi viwanja vya Mnazi Mmoja. Nikifika natafuta kivuli, nakaa, narudi. Mke wangu husema tofauti yangu na nguzo ya umeme ni kwamba nguzo hailalamiki ikinyeshewa.

Sasa mtu wa namna hii akaoa Mchaga.

Mwenye kuijua Kariakoo anajua kinachotokea Desemba. Wachaga wanafunga maduka, wanapanda kwao Kilimanjaro, na mtaa wetu unabaki kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Mke wangu naye hupanda na watoto. Mimi hubaki. Kwa miaka kumi na moja sikukosa sababu: mzigo unaingia, mgongo unauma, nani atalinda duka. Jirani yangu wa duka, mzee wa Rombo anayeuza vitambaa vya suti na ambaye mtaa mzima tunamwita Mangi, alikwishanizoea.

"Shemeji, mwaka huu tena mgongo?"

"Mgongo, Mangi."

"Huo mgongo wako una kalenda."

Yote hayo yalikuwa mzaha mpaka mama mkwe alipofariki.

Hili nitaliandika kama lilivyokuwa. Simu ilikuja asubuhi. Mke wangu akafungasha huku analia, akaniuliza kama nimeshatoa shati langu jeusi. Nikamwambia nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na woga, na ulikuwa woga wa vitu vingi vidogo vilivyoshikana: safari ya siku nzima, lugha nisiyoijua, msiba wa ugenini ambako mtu hajui asimame wapi wala akae na nani. Nikajifunika shuka mchana kweupe. Mke wangu alinitazama kwa muda, kisha akachukua watoto akaondoka. Mama aliyemzaa na kumlea mke wangu alizikwa mimi nikiwa kitandani Kariakoo, namenya chungwa.

Tangu siku ile baba mkwe hakuniulizia tena. Zamani akipiga simu kwa binti yake alikuwa anamalizia na, "Mpe mwenzio nimsalimie." Sasa simu ikawa inaishia kwa watoto. Ikapita miaka miwili hivyo. Mke wangu hakunisema hata mara moja, na aliyeoa anajua kwamba afadhali kusemwa. Alisubiri mpaka Novemba ya mwaka jana, akaweka sahani ya wali mbele yangu, akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Baba ana miaka sabini na tatu. Ukimkuta, mtayamaliza. Usipomkuta, hilo utabaki nalo mwenyewe. Mimi sitakusaidia kulibeba."

Kesho yake nikaingia dukani kwa Mangi, nikamweleza yote, hata chungwa. Alinisikiliza bila kutania, jambo lililonitisha zaidi.

"Kosa kama hilo kwetu halimalizwi kwa maneno, shemeji. Lina jani lake. Isale. Lile jani refu la kijani, tunalipanda mipakani, limejaa kila kihamba, kila shamba la nyumbani. Ukimpelekea mtu isale kuomba msamaha, hana njia ya kukataa. Akikataa, mzigo unamhamia yeye."

"Jani tu?"

"Si jani tu. Kuna namna ya kulichuma, kuna mtu wa kwenda naye, kuna…"

Hapo wakaingia watu sita wa kamati ya harusi, wanataka kitambaa cha suti kumi na mbili za rangi moja. Mangi akanyanyuka na futi yake. Nami kwa akili ya Kariakoo nikaona nimeshaelewa vya kutosha. Sisi bidhaa tukishajua jina lake na kazi yake, karatasi ya maelekezo tunaitupa pamoja na boksi.

Kilichobaki ni viatu. Nikaenda Mchikichini, nikapata vya mlimani, vya mtumba, vizito kama matofali. Muuzaji aliniapia kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu na alifika navyo kileleni. "Njia vinaijua hivi, bro," aliniambia. "Wewe humo ni abiria tu."

Safari yenyewe ilikuwa siku nzima, na nilikaa mkao mmoja kuanzia Mbezi mpaka Himo, mke wangu akisema hata kwenye basi nimepata namna ya kutokwenda popote. Himo tukashuka, tukapanda gari dogo la kwenda Marangu. Na hapo ndipo dunia ilipoanza kubadilika mbele ya macho yangu. Barabara ilikuwa inapanda tu. Nilizoea nchi iliyolala. Kariakoo ukitaka kwenda juu unapanda ghorofa. Hapa ardhi yenyewe ndiyo ghorofa, na watu wanaishi kwenye ngazi. Migomba kulia, migomba kushoto, kahawa chini ya migomba, nyumba ndani ya kahawa. Baridi ikaingia dirishani kama mtu anayejua anakokwenda.

Marangu Mtoni ni mji mdogo: soko, maduka, njia panda, akina mama na mikungu ya ndizi. Mji mzima ungeingia kwenye mtaa wetu na nafasi ingebaki. Lakini maji! Kila mahali maji yanasikika: mtoni, kwenye mifereji waliyoichimba wazee wao, nyuma ya nyumba, chini ya daraja. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili kutafuta bomba lililopasuka.

Baba mkwe tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Mrefu, mkavu, koti la zamani, kofia ya sufu. Nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaendelea kukata majani. Mke wangu akaninong'oneza, "Amekuitikia." Nikamwambia, "Ameitikia salamu. Mimi bado."

Nikaomba nipelekwe kaburini kwa mama. Mke wangu akatikisa kichwa. Kwao, alisema, mkwe haendi mwenyewe kama anayekwenda dukani. Baba ndiye atakayenipeleka, akitaka. Nikaelewa kwamba nimekuja kusubiri hilo tu. Akinipeleka kaburini, yameisha. Asiponipeleka, nitarudi Dar nilivyokuja, na mke wangu atajua, na watoto wakikua watajua pia. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya siku ya tano.

Siku mbili za kwanza baba hakusema neno lingine kwangu. Ili nisikae ndani, ambako ndiko ninakojua kukaa, mke wangu akanitoa kutembea. Tulishuka kwenye maporomoko ya Kinukamori. Nilikuwa nimeona maporomoko kwenye kalenda za ukutani, na nikafikiri nayajua. Kalenda haina sauti. Ile sauti ilinigonga kifuani kabla sijaona maji, na nilipoyaona, yanaanguka meupe kutoka juu ya mwamba mweusi bila kuchoka, yakigeuka moshi kabla hayajafika chini, nilisimama kwenye ngazi nikasahau kushuka.

"Funga mdomo," mke wangu akasema. "Utameza inzi."

Ila mlima wenyewe sikuuona. Kila nilikotazama palikuwa na wingu la kijivu, limekaa kama pazia la duka lililofungwa. Nikaanza kutania. Nikamwambia mke wangu mlima wao umekwenda Dar kwa likizo, tumepishana njiani. Alinijibu kwamba mlima unachagua wa kujionyesha kwake.

Siku ya tatu alfajiri nilitoka kwenda msalani. Kulikuwa kumetulia, anga safi. Nikatazama upande walionielekeza, juu ya migomba, pale ambapo milima ya kawaida inakaa. Hakuna kitu. Nikanyanyua macho kidogo, bado hakuna kitu. Ndipo nikainua kichwa kabisa, kama mtu anayetafuta ndege, na huko juu, mahali nilipoamini ni mali ya nyota tu, palikuwa na ardhi.

Sina namna nzuri ya kulieleza. Jua lilikuwa halijatufikia sisi. Marangu yote ilikuwa bado na giza la bluu. Lakini kule juu kulikuwa kumeshakucha. Barafu ilikuwa ya rangi ya embe bivu, halafu ikawa nyeupe nikiwa naitazama. Siku zote mbili mlima ulikuwa pale, umesimama juu yangu nilipokuwa nakula, nilipokuwa natania. Nilijiona mdogo, na ajabu ni kwamba haikuniuma. Niliona hata uongo wangu wa malaria ulivyo mdogo, na ulivyo wa kijinga, na kwamba unaweza kusemwa asubuhi hiyohiyo kabla ya chai.

Nikatafuta isale. Nyuma ya migomba niliona masale mengi yamejipanga vizuri, yamenyooka. Nikachuma jani moja, refu kuliko yote, nikazunguka nyumba. Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya jiko na kikombe cha chai, anautazama mlima kama mtu anayesoma gazeti la nyumbani kwake. Nikapiga magoti kwenye tope, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Alilitazama jani, si mimi.

"Umelichuma wapi?"

"Pale, baba. Nyuma ya migomba, kwenye yale yaliyojipanga vizuri."

Akanywa chai funda moja.

"Yamejipanga vizuri kwa sababu niliyapanda mimi. Pale amelala mama yenu."

Msalaba wa mbao ulikuwa umefichwa na mgomba ulioinama. Nimekuja na kosa la kutokwenda kaburini, na katika kuliombea msamaha nimekwenda kaburini bila ruhusa, nikachuma uzio wake. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mimi nilibaki na magoti kwenye tope, jani limenyooshwa, nisijue kama nilirudishe au nilile.

Baba mkwe akanyoosha mkono akalichukua. Akalikunja mara mbili, akalitia mfuko wa ndani wa koti. Akasimama.

"Una viatu?"

"Ninavyo, baba."

"Vaa."

Nilipokuwa nafunga kamba nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini, "Amekubali au amekataa?"

"Sijui. Sijawahi kuona mtu anaomba msamaha kwa jani la marehemu mwenyewe. Nenda tu. Ukisukumwa korongoni nitajua alikataa."

Baba mkwe alikuwa mpagazi wa mlimani kwa miaka thelathini, akibeba mizigo ya wageni kichwani mpaka kambi za juu. Kwenye geti la hifadhi walinzi wote walimwamkia, na mwongozaji tuliyepangiwa, ambaye alijifunza njia kwake, alitembea nyuma yetu kwa adabu. Begi la chakula na maji nilibebeshwa mimi. Tukaingia msituni.

Nilidhani msitu ni miti mingi. Kumbe ni mahali pengine kabisa. Miti ilikuwa imevaa ndevu za kijani, zinaning'inia, zinadondosha maji ingawa mvua hainyeshi. Mizizi ilikuwa minene kuliko mimi. Mbega weusi wenye mikia myeupe waliruka juu yetu bila haraka, kama wazee waliovaa mashuka ya Ijumaa. Hakuna honi, hakuna anayekuita boss, hakuna anayekuuzia kitu. Masikio yangu yalipiga kelele yenyewe kwa kukosa kazi.

"Punguza," baba mkwe alisema. "Unatembea kama unakimbilia basi."

"Nimezoea Kariakoo, baba."

"Kariakoo unakimbia kwenda mita mia. Pole pole."

Alinionyesha miti na majina yake, mahali nyati hupita, kijito wanachonywea wapagazi. Alizungumza vizuri, kwa upole. Nikagundua baadaye kwamba hivyo ndivyo alivyozungumza na wageni miaka yote: upole usio na ukaribu ndani yake. Nilikuwa mtalii wa baba mkwe wangu.

Saa tatu baadaye, mapafu yangu yakiwa yamebaki nyuma mahali fulani, tulipita vibanda vya Mandara. Sikuruhusiwa kukaa. Tukaendelea kidogo, miti ikawa mifupi, kisha ikaisha, na tukatokea kwenye ukingo wa bakuli kubwa la nyasi lililozama ardhini. Maundi, alisema.

"Hapa palitema moto."

Nikasimama. Kidato cha pili, kwenye Jiografia, nilichora volkano iliyokatwa katikati, kwa penseli za rangi, na mwalimu akanipa nane ya kumi. Nilijua kreta ni nini. Nilijua Kilimanjaro ni volkano, kwa namna mtu anavyojua vitu vya mtihani. Haikunijia hata siku moja kwamba mchoro ule ni mahali, kwamba mke wangu amekulia juu yake, kwamba ndizi nilizokula jana zimeota kwenye majivu yake. Mbele yangu sasa nyasi zilipepea pale palipochemka mawe. Upande wa juu Kibo kilikuwa karibu mpaka nilitaka kurudi nyuma. Pembeni yake Mawenzi, yenye meno. Chini yetu kulikuwa na mawingu, na palipopasuka mawingu palionekana tambarare isiyo na mwisho, na mbali kule Ziwa Chala, dogo, bluu, kama kifungo kilichoanguka dukani.

Mzee akanyoosha kidole kwenye barafu ya Kibo. "Nilipoanza kazi ilikuwa inashuka mpaka pale." Akashusha kidole sana. "Na yenyewe inaondoka."

Tukakaa. Mwongozaji akabaki mbali. Tukala ndizi za kuchemsha. Ndipo baba mkwe akaanza, bila kunitazama.

"Siku ya kumzika mvua ilinyesha, gari halikuweza kushuka. Jeneza lilibebwa kutoka barabarani. Wakwe zangu ni watatu, nilikuwa nimewapangia nafasi zao. Ya kwako alishika jirani wa chini, yule tunayegombania naye mpaka, hatujasalimiana miaka tisa. Ikabidi nimshukuru mbele za watu." Akatafuna polepole. "Wewe kukosekana ningevumilia. Yule kupatikana, hilo ndilo lililonikaa hapa kifuani."

Nikainuka, nikasogea ukingoni. Nilitamani ardhi iteme moto tena.

"Baba, sikuwa na malaria."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Mke wako alikaa nyumbani kwangu siku nne. Mwanamke aliyemwacha mume nyumbani ana malaria hupiga simu. Hakupiga hata moja." Akafuta mikono kwenye nyasi. "Nilibeba mizigo miaka thelathini. Kila kambi kuna anayeumwa kichwa na kuna anayeogopa, na wote wanasema kichwa. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilikuwa sijui pa kusimama, baba."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hata hapa hujui. Rudi nyuma hatua mbili."

Nikatazama. Ncha ya kiatu kimoja ilikuwa imepita ukingo wa kreta. Nikarudi hatua mbili, halafu kwa usalama nikarudi ya tatu, na mwongozaji kule mbali akaangalia pembeni ili nisione anacheka.

Wakati wa kushuka magoti yangu yalikuwa yanatetemeka, na yeye anatembea kama anashuka ngazi za nyumba yake. Msituni nikapata ujasiri.

"Na lile jani, baba?"

"Lile ulilichuma vibaya, ukalileta peke yako, bila mtu wa kukusemea. Ningeweza kulikataa." Hatua kama kumi zikapita. "Lakini umelitoa kwake. Nimelipokea kwa niaba yake. Nani anikatazie." Kisha akauliza, "Basi lako ni lini?"

"Keshokutwa alfajiri."

"Liache liende. Kaburi nataka kulijengea kabla ya mwaka mpya. Saruji ipo. Mchanga uko mtoni, na gari haifiki."

Kesho yake asubuhi alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, akanipitisha nyuma ya migomba. Alisema maneno machache kwa Kichaga, macho yako kwenye msalaba, mkono wake haujaniachia. Sikuelewa hata neno moja na sikuomba kutafsiriwa. Mke wangu alikuwa amesimama kando na watoto. Hakulia. Aliinama akang'oa magugu mawili ambayo, nadhani, hayakuwa na kosa lolote.

Basi langu liliondoka na kiti changu kitupu, mimi niko bondeni najaza ndoo mchanga. Nilibeba siku tatu. Kutoka mtoni hadi kihambani ni kupanda tu, na hakuna mchukuzi wa Kariakoo ambaye angekubali njia ile. Siku ya pili jirani wa chini alisimama kwenye mpaka wake, akanitazama napita na ndoo begani, mchanga unanichuruzikia shingoni. Nikamsalimia kwa sababu sikujua kama imekatazwa. Baba mkwe alisikia, akaendelea kupanga matofali.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, saa ambayo walisema mlima hauonekani kamwe, wingu likapasuka. Nilikuwa nimefika katikati ya mwinuko. Kibo kikajitokeza juu ya migomba, kule ambako shingo haifiki bila kukusudia, cheupe kabisa. Nikaweka ndoo chini. Sijui nilisimama muda gani. Nilisikia sepetu ya baba mkwe imeacha kukoroga, kisha sauti yake.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Huo haukimbii. Leta mchanga, saruji inakauka."